Kushambulia kwa Hesabu: Mwongozo wa Blitzi Mtandaoni kwa Mchezaji Mkali

Mchezaji wa sataranji anayependa kushambulia akiomba ushauri wa kupandisha kiwango chake mtandaoni, jibu analopewa ni lile lile: tulia, cheza salama, acha fujo. Sikubaliani nalo. Katika gemu ya dakika tatu, yaani blitzi, mshambuliaji ana faida ya kweli, kwa sababu anayejitetea ndiye anayelazimika kuutafuta ule mwendo mmoja unaookoa, na anautafuta huku saa ikimla. Mikhail Tal wa Latvia, ambaye hadi leo hutajwa kwanza watu wanapozungumzia kafara, yaani kutoa kete makusudi, na mashambulizi, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1960. Mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 51 na afya dhaifu, alishinda ubingwa wa dunia wa blitzi mjini Saint John, Kanada, katika shindano ambalo Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, na Karpov aliyemtangulia walikuwemo. Ukali unalipa kwenye saa fupi.

Kinachowaangusha washambuliaji wa ngazi ya kawaida ni mambo mawili. Wanaanza vita na kete mbili wakati nyingine zote bado zimelala nyumbani, halafu nafasi ya kumaliza gemu inapofika wanajikuta wamebakiwa na sekunde kumi na tano. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuzunguka hayo mawili. Zinamfaa mtu anayezijua sheria zote, anayecheza kwenye tovuti za Lichess au Chess.com mara kwa mara, na anayesoma majina ya miraba kama e4 na h7 bila taabu.

Hatua ya 1: Chagua saa inayokuacha ufikiri

Weka kando 3+0 na ucheze 3+2, yaani dakika tatu za kuanzia na sekunde mbili zinazoongezwa kila unaposogeza kete. Piga hesabu. Gemu ya miendo 40 kwa 3+0 inakupa wastani wa sekunde 4.5 kwa kila mwendo. Gemu hiyo hiyo kwa 3+2 inakupa sekunde 6.5. Kwa mchezaji wa kawaida, sekunde hizo mbili zinatosha kuuliza swali moja la ziada kabla hajatoa farasi kafara. Isitoshe, ukifika mwishoni na ngome ya ziada na sekunde sita kwenye saa, nyongeza inakuruhusu kumaliza kazi badala ya kuanguka kwa muda.

Kwa wanaocheza kutoka Afrika Mashariki kuna sababu nyingine. Seva za Lichess ziko Ufaransa, kwa hiyo kila mwendo wako unasafiri mbali kwenda na kurudi. Mfumo hufidia sehemu ya ucheleweshaji, lakini mtandao wa simu ukiyumba fidia haitoshi. Lichess ina ukurasa unaokuonyesha ucheleweshaji wa mtandao wako. Ufungue kabla ya kuanza, na ukiona sindano inarukaruka, cheza 5+3 au fanya mafumbo siku hiyo. Gemu za dakika moja, buleti, ziache kabisa kwa miezi ya mwanzo. Zinafundisha vidole zaidi ya akili, na kijana aliyekaa mita chache kutoka kwenye kebo ya intaneti huko Ulaya atakushinda hata kama unajua zaidi yake.

Hatua ya 2: Iandae simu

Hii ni kazi ya dakika tano tu. Zima uthibitisho wa mwendo, ule unaokuomba ubonyeze mara mbili. Washa miendo ya mapema, yaani uwezo wa kupanga mwendo wako wakati zamu bado ni ya mpinzani. Weka askari anayefika mwisho ageuke malkia moja kwa moja. Jizoeze kugusa kete kisha kugusa mraba, badala ya kuikokota kwa kidole, kwa sababu kwenye kioo kidogo kidole kinachokokota huangusha kete mraba wa jirani. Zima arifa za meseji. Ukiwa na kompyuta na kipanya, cheza humo gemu zako za maana.

Hatua ya 3: Funguzi chache zinazofanana

Mshambuliaji hahitaji funguzi kumi. Anahitaji chache zinazomleta kwenye aina ile ile ya vita kila siku, ili mikono izoee na saa ibaki. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu.

Ukiwa na nyeupe, anza e4. Mpinzani akijibu e5, toa farasi c3. Huu ndio ufunguzi wa Vienna. Akitoa farasi f6, sukuma askari f4. Wengi wataikubali zawadi na kula f4, nawe utasukuma e5 mara moja. Farasi wake hana pa kukaa vizuri, na mara nyingi analazimika kurudi g8 alikotoka. Hapo toa farasi f3 ili kuzuia malkia wake asije h4 na cheki, kisha d4, kisha umrudie yule askari wa f4 kwa askofu wa c1. Umepata katikati yote, nawe umeshatoa kete huku yeye hajatoa hata moja. Jibu bora la mpinzani kwa f4 ni d5. Akilijua, kula e5 kwa askari wa f, mwache farasi wake ale e4, toa farasi wako f3 na uendelee kwa utulivu. Nafasi ni sawa kwa wote na bado ina uhai. Na kama mwanzoni alitoa farasi c6 badala ya f6, toa askofu c4, halafu d3, na f4 itakuja baadaye.

Akijibu c5, yaani Sicilia, fuata njia hiyo hiyo: farasi c3, askari f4, farasi f3, askofu c4 au b5, kaslingi upande mfupi, kisha malkia kutoka d1 kwenda e1 na h4, na askari f5. Mpango unausoma kichwani bila kufikiri.

Akijibu e6 au c6, jibu d4, naye akisukuma d5, sukuma e5. Huyo askari wa e5 kumbuka jina lake. Anamnyima mpinzani mraba wa f6, ambako farasi wake hukaa kumlinda mfalme, na Hatua ya 5 inamtegemea yeye.

Ukiwa na nyeusi dhidi ya e4, jibu e5, na nyeupe akiingia na askofu c4 tumia ulinzi wa farasi wawili, yaani farasi c6 na f6. Nyeupe akirukia g5 na farasi kushambulia f7, sukuma d5. Akishakula d5 kwa askari, usimle askari huyo kwa farasi wako. Hapo ndipo farasi wa nyeupe hujitoa kafara f7, mfalme wako anatolewa nje, malkia anakuja f3 na cheki, na mfalme anabaki akitembea katikati ya ubao akimlinda farasi wake mwenyewe. Weka farasi wako a5 kumfukuza askofu. Akija b5 na cheki, sukuma c6, badilisha askari, nawe utakuwa umetoa askari mmoja kwa kete zilizo huru na mpinzani anayerudi nyuma. Dhidi ya d4, ulinzi wa King's Indian unamfaa mtu mkali: farasi f6, g6, askofu g7, d6, kaslingi, e5. Nyeupe akiifunga katikati kwa d5, muondoe farasi f6 na usukume f5, f4, g5, g4 kuelekea kwa mfalme wake.

Neno moja kuhusu gambiti, yaani funguzi za kutoa askari bure, zenye mitego kama Stafford, ambazo video zake zimejaa mtandaoni. Zinaleta ushindi wa haraka kwa muda fulani, halafu unakutana na watu wanaojua kujibu d3 na kutulia, wanabaki na askari wa bure na wewe huna mpango. Afadhali muda huo uutumie kwenye Vienna, ambayo hata mpinzani akiijua unabaki na gemu nzuri.

Hatua ya 4: Hesabu kete kabla ya kupiga

Mwaka 1858, katika jumba la opera mjini Paris, Mmarekani Paul Morphy alicheza gemu dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard, ambao walikuwa wakishauriana upande wa pili. Mpaka leo sijaona somo la kushambulia linaloishinda gemu hii, na ina miendo 17 tu. Ifungue kwenye ubao na uipitie polepole.

Angalia hasa mwendo wa 8. Morphy alikuwa ametoka kumweka malkia b3, akitishia f7 na b7 kwa pamoja. Nyeusi akalinda f7 kwa kumweka malkia e7, akaacha b7 wazi. Wengi wetu tungemla askari yule papo hapo. Lakini nyeusi angejibu malkia b4 na cheki, malkia wangebadilishana, na gemu ingekuwa ya kusubiri ushindi mrefu. Morphy alitoa farasi c3. Mwendo uliofuata alitoa askofu g5. Ndipo mwendo wa 10 alipotoa farasi kafara b5, na mwendo wa 12 alifanya kaslingi upande mrefu kwa namna ambayo ngome ilitua d1 na kuanza kazi siku hiyo hiyo. Mwendo wa 16 alimtoa malkia b8, na wa 17 ngome ilifika d8 na mati, ikilindwa na askofu wa g5. Wakati huo askofu wa nyeusi wa f8 na ngome yake ya h8 hazikuwa zimesogea hata mara moja. Kwa hesabu ya jumla nyeusi alikuwa na kete nyingi zaidi, lakini mahali vita vilipopiganwa nyeupe ndiye aliyekuwa na nyingi.

Hesabu hiyo ndiyo ya kufanya kabla ya kila kafara. Utazame upande alipo mfalme wa mpinzani. Kete zangu ngapi zinafika pale kwa mwendo mmoja? Zake ngapi zinalinda pale? Kama zangu hazizidi kwa angalau moja, siyo wakati wa kafara, ni wakati wa kuleta nyingine. Malkia na farasi peke yao, dhidi ya mfalme aliyekwisha kufanya kaslingi na ana askari watatu mbele yake na farasi f6, hawatoshi. Ongeza askofu wanakaribia. Ongeza ngome au askari wa h anayesonga, na sasa una jambo la kuzungumza. Hesabu hii inachukua sekunde tatu ukiizoea.

Swali la pili la kujiuliza: mfalme wangu yuko wapi? Washambuliaji wengi hawafanyi kaslingi kwa sababu wanaona inapoteza mwendo mmoja. Halafu shambulizi lao linakatika katikati kwa cheki moja kwenye mstari wa e.

Hatua ya 5: Jifunze kafara moja mpaka mwisho wake

Badala ya kukariri mitego ishirini nusunusu, chukua kafara ya askofu kwenye h7 na uielewe yote. Gioachino Greco wa Italia aliiandika katika karne ya 17 na bado inashinda gemu kila siku. Anayecheza drafti anajua kumlisha mwenzake kete moja ili ampige mbili. Hapa unamlisha askofu ili umtoe mfalme nyumbani.

Picha yake ni hii: nyeusi amefanya kaslingi upande mfupi. Wewe una askofu d3, farasi f3, malkia d1 na askari e5. Askofu anakula h7 na cheki, mfalme anamla askofu, farasi anaruka g5 na cheki. Lakini kabla hujagusa askofu, kagua mambo manne.

Kwanza, farasi wa nyeusi hayupo f6 na hawezi kufika. Akiwa f6 analinda h7 na kafara imekufa. Askari wa e5 anamzuia, na ndiyo maana nilikuomba umkumbuke.

Pili, farasi wako akifika g5 hataliwa bure. Kama nyeusi ana askofu e7, anaona g5. Hapo kafara kwa kawaida inahitaji askari wako awe h4 na ngome yako bado h1. Akimla farasi, unarudisha kwa askari wa h, na mstari wa h unafunguka kwa cheki usoni mwa mfalme.

Tatu, malkia wako anaweza kufika h5. Farasi akiondoka f3, njia ya d1 hadi h5 inakuwa wazi, isipokuwa kama umeweka kitu e2.

Nne, nyeusi hana kete inayoweza kurudi kuilinda h7. Mkague askofu wake anayeweza kuingia f5 au e4. Mkague pia farasi wa d7 anayeweza kurudi f8. Kama ngome yake imekwisha ondoka f8 kwenda e8, mraba huo uko wazi kwa farasi, na wengi hawalioni hilo.

Sasa mfalme ana njia tatu kuu baada ya cheki ya farasi. Akirudi g8, malkia wako anakwenda h5 na kutishia mati h7. Nyeusi akiondoa ngome kwenda e8 ili mfalme apate pa kukimbilia, malkia anakula f7 na cheki, mfalme h8, malkia h5 cheki, mfalme g8, malkia h7 cheki, mfalme f8, malkia h8 cheki, mfalme e7, malkia anakula g7, na mara nyingi hiyo ni mati. Huenda ukajiuliza kwa nini malkia ale f7 kwanza. Ni kwa sababu askari huyo akiondoka, mstari wa saba unakuwa wazi na malkia wa g7 anampiga mfalme wa e7 moja kwa moja.

Akienda h6, askofu wako wa c1 anamtazama nyuma ya farasi. Farasi akila f7 anampa cheki, na askofu naye anampa cheki, zote kwa mpigo mmoja. Mfalme lazima akimbie, na malkia wa d8 analiwa.

Akipanda g6, hapo ndipo penye kazi. Usitoe cheki ovyo. Miendo ya kujaribu ni malkia g4, kutishia kumwondoa farasi kwa cheki ya kufunuliwa, au askari h4 akielekea h5. Hapa ndipo unapotumia sekunde thelathini ulizoweka akiba, kama Hatua ya 6 itakavyoeleza.

Weka nafasi hii kwenye Lichess, katika sehemu ya masomo ya kujitengenezea, na uichezee pande zote mbili mpaka majibu yaje bila kusita. Baadaye fanya vivyo hivyo na kafara ya f7, mati ya farasi mfalme akiwa amezibwa na kete zake mwenyewe, na mati ya ngome kwenye mstari wa mwisho.

Hatua ya 6: Igawe saa

Katika 3+2, miendo kumi ya kwanza isizidi sekunde ishirini au thelathini za saa yako. Ndiyo faida ya kuwa na funguzi chache. Lengo ni kuingia katikati ya gemu ukiwa na dakika mbili na nusu au zaidi. Halafu jiruhusu kusimama mara moja au mbili katika gemu nzima, kwa sekunde 30 hadi 40, pale unapoona mfalme wa mpinzani amefunguka au kafara inakuja. Miendo mingine yote ni ya sekunde mbili hadi tano.

Wachezaji wakali hufanya kinyume chake. Hutoa kafara kwa sekunde moja kwa sababu damu imechemka, kisha hutumia dakika nzima kutafuta mwendo unaofuata. Fikiri kabla ya kafara, ukiwa bado na hiari ya kuacha.

Saa ikishuka chini ya sekunde ishirini, kila mwendo ufanye kazi mbili: usiache kete bure, na umlazimishe mpinzani kutazama jambo. Kitisho kidogo kwa malkia wake kinamla sekunde nne. Miendo ya mapema itumie kwa mambo ya hakika tu, kama kurudisha kete iliyoliwa au mfalme mwenye mraba mmoja. Kwenye Lichess mwendo wa mapema haugharimu muda ila unaweza kupanga mmoja tu. Chess.com inatoza sehemu ya kumi ya sekunde na inakuruhusu kupanga kadhaa mfululizo. Ukihama kutoka jukwaa moja kwenda jingine, vidole vyako vinahitaji gemu chache kuzoea.

Katika mashindano ya arena ya Lichess kuna kitufe cha kukata muda wako nusu na kufuta nyongeza ili upate pointi moja ya ziada ukishinda. Kinawavutia sana watu wa aina yetu. Kiache mpaka uwe unashinda gemu zako nyingi ukiwa na zaidi ya dakika moja kwenye saa.

Hatua ya 7: Shambulizi likizimika

Kuna hali mbili, na zinahitaji tabia tofauti.

Ya kwanza: shambulizi limekupa faida ya kete lakini mfalme wa mpinzani amepona. Badilisha malkia. Badilisha ngome. Maliza kwa askari wako wa ziada. Hili linawauma washambuliaji kwa sababu wanataka mati, na nimeona gemu nyingi za kushinda zikitupwa kwa kuendelea kumkimbiza mfalme wakati kubadilishana mara mbili kungetosha.

Ya pili: umetoa kafara na hakuna kilichopatikana. Usibadilishe malkia kwa vyovyote. Tafuta kwanza kama una cheki za mfululizo zisizokwisha, maana sare kutoka nafasi mbovu ni nusu pointi iliyookolewa. Kama hazipo, weka kete zako mahali zinapoleta maswali na ulinde askari wako. Mpinzani naye ana saa.

Kwa hali ya kwanza utahitaji kujua miisho ya msingi: mati kwa mfalme na ngome, mati kwa mfalme na malkia, na mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme. Sehemu ya mazoezi ya Lichess ina nafasi za aina hii bila malipo. Jipime mpaka uweze kufanya mati ya ngome kwa sekunde ishirini na nyongeza ya mbili.

Hatua ya 8: Mafumbo, polepole

Mafumbo ya Lichess hayana kikomo na ni bure. Akaunti ya bure ya Chess.com ina kikomo cha siku. Chagua kwa mada: mati kwa miendo miwili, mfalme aliyewekwa wazi, shambulizi la f2 na f7, kafara. Sheria ni moja, na ni ngumu kuitii: usiguse kete mpaka umeona mstari wote hadi mwisho, pamoja na jibu bora la mpinzani. Mafumbo kumi na tano kwa namna hiyo yanakujenga kuliko mia moja ya kubahatisha. Yale ya kasi, kama Puzzle Storm ya dakika tatu, yafanye kama kupasha mwili moto kabla ya gemu.

Ongeza kila siku mafumbo machache ya mada ya ulinzi. Mshambuliaji huyakwepa, na ni hasara yake. Anayejua mtetezi anavyookoka ndiye anayejua kuiziba njia hiyo mapema.

Hatua ya 9: Pitia gemu ulizopoteza

Usizipitie zote. Baada ya kucheza, chagua moja au mbili ambazo shambulizi lako lilishindwa. Kwanza zipitie bila kompyuta na uandike sentensi moja: nilishambulia na kete ngapi, na saa yangu ilisomaje? Ndipo uwashe uchambuzi wa Stockfish, programu ya kompyuta ya sataranji, na utumie kitufe cha kujifunza kutokana na makosa, ambacho kinakurudisha kwenye nafasi uliyoharibu na kukutaka utafute mwendo bora mwenyewe.

Soma hukumu ya kompyuta kwa akili. Ikikuambia kafara yako ni mbaya kidogo, angalia mpinzani alihitaji miendo mingapi sahihi mfululizo ili kuithibitisha. Kama alihitaji minne, kila mmoja ukiwa wa pekee, kafara hiyo ni nzuri kwa gemu ya dakika tatu na unaweza kuirudia. Kama alihitaji mmoja tu, tena wa kawaida kama kurudisha mfalme pembeni, iache. Baada ya wiki chache daftari lako litakuonyesha kosa linalojirudia, na hilo ndilo la kushughulikia kabla ya jingine lolote.

Ratiba ya siku kwa mtu mwenye saa moja

Mafumbo ya polepole dakika 20. Gemu nne au tano za 3+2, karibu dakika 30. Mapitio dakika 10. Ukipoteza mbili mfululizo, funga programu, kwa sababu hasira hasara: gemu ya tatu utaicheza ukimtafuta aliyekufunga na siyo ukiutazama ubao. Siku moja kwa wiki cheza gemu mbili za 15+10, ukitumia funguzi zile zile, ili upate kuona kwa utulivu nafasi ambazo kwenye blitzi zinapita kwa sekunde tano. Usitazame pointi za kiwango chako kila siku. Zitazame mwisho wa mwezi, pamoja na muda uliokuwa unabaki kwenye saa yako ulipofikia mwendo wa 20. Muda huo ukianza kupanda, pointi nazo zitafuata, na hapo unaweza kurudi 3+0 ukitaka.